Tulipobadili pampu ya tangi la maji la kambini

Sisi ni wafuga nyuki saba wa mkoa wa Tabora. Kila mwaka mvua zikiisha na msitu ukianza kukauka, tunaingia porini kurina asali. Mizinga yetu iko mbali. Kutoka kijijini hadi kambini ni mwendo wa saa nne kwa gari, na ukishaiacha barabara unakanyaga mchanga mtupu. Huko hakuna kisima. Vijito vya masika vyote vimekauka. Maji tuliyobeba ndiyo maji tuliyo nayo, na yakiisha kazi imekwisha, hata kama asali bado imo mizingani.

Tuna pikapu moja ya chama chetu, gari la zamani la dizeli. Nyuma yake tumefunga tangi la plastiki la lita 400. Leo tunapenda kuwaeleza jinsi tulivyobadili pampu ya tangi hilo, kutoka ya mkono mpaka ya umeme. Wengi wenu mna matangi ya namna hii kwenye magari na matrekta, kwa ajili ya ng'ombe, kwa ajili ya shamba la mbali, au kwa kuuza maji. Sisi tulifanya makosa, na makosa yale nusura yatutie katika hatari kubwa. Basi yasomeni hapa, msiyarudie.

MAJI NI MZIGO

Kwanza tuelewane juu ya uzito. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Tangi la lita 400 likijaa ni kilo 400, bila kuhesabu tangi lenyewe. Ni sawasawa na magunia manne ya mahindi ya kilo 100. Tofauti ni kwamba gunia hutulia, maji hayatulii. Tangi likiwa nusu, maji hukimbilia upande mmoja gari linapokata kona, halafu hurudi kwa kishindo. Kwa hiyo tangi lisogezwe mbele, karibu na kibini ya dereva, tena likae chini kabisa ya bodi, lifungwe kwa mikanda miwili. Kamba ya katani hulegea ikikauka.

Jambo la pili ni asili ya tangi. Msinunue tangi au dramu iliyowahi kuwekwa dawa ya pamba, dawa ya tumbaku au mafuta, hata kama muuzaji anaapa kwamba ameliosha mara kumi. Sumu hunywewa na plastiki, na baadaye hutoka ndani yake kidogo kidogo.

Sisi tuko watu saba na kwa kawaida tunakaa siku 6. Gawa 400 kwa 7, halafu gawa kwa 6. Utapata lita 9 na nusu kwa mtu mmoja kwa siku. Hapo ndani mna ya kunywa, ya kupika ugali, ya kunawa mikono iliyojaa asali, na ya kuzima moto. Msisahau hayo ya kuzima moto. Tunarina kwa moshi, na nyasi za mwezi wa saba zinasubiri cheche moja tu.

PAMPU YA MKONO

Zamani zile tulikuwa tunachota kwa mpira. Kijana mmoja anaingiza mpira tangini, anauvuta kwa mdomo, maji yanakuja. Si unajua mambo hayo. Mate yake yote yamo, na vumbi la mikononi limo. Mwaka mmoja watu watatu waliharisha kambini, na tukaacha mtindo huo.

Tukanunua pampu ya mkono, yenye mpini. Inafanya kazi kama pampu ya baiskeli, ila imegeuzwa. Ukivuta mpini, maji yanapanda ndani. Ukisukuma, yanatoka upande wa pili. Ndani yake mna vilango viwili vidogo vya mpira. Kimoja hukubali maji yaingie tu, kingine hukubali yatoke tu. Mafundi huviita vali. Pampu hii ilitutumikia vizuri. Taabu yake ni kwamba inataka mikono miwili, na mtu anayepampu hawezi kunawa. Usiku mtu ameumwa na nyuki, macho yamevimba, anataka kujimwagia maji usoni, lazima amwamshe mwenzake. Tena ukiwaka moto upande wa pili wa kambi, mpini ule hautoi maji ya kutosha kwa haraka.

Ndipo mwaka 2022 tulipokubaliana kununua pampu ya umeme wa betri. Mpishi wetu, ambaye ni mzee kuliko sisi sote, alisema, "Wanangu, nunueni, lakini ile ya mkono msiifungue." Tukamwambia, "Mzee, hiyo sasa ni chuma chakavu." Tukaifungua, tukaiacha nyumbani.

PAMPU YA UMEME INAFANYAJE KAZI?

Ziko za aina nyingi, lakini mtakazokutana nazo zaidi ni mbili. Ya kwanza ni ndogo ya kuzamishwa ndani ya maji. Ina pangaboi ndogo inayozunguka na kuyasukuma maji. Ni rahisi kwa bei. Ubaya wake ni kwamba maji ndiyo yanayoipooza, hivyo maji yakiisha nayo ikaendelea kuzunguka, huungua upesi.

Ya pili hukaa nje ya tangi, nayo ina kiwambo cha mpira. Hiyo ndiyo tuliyonunua. Mnaikumbuka mivukuto ya wahunzi wetu wa zamani? Mhunzi alikuwa na bakuli la mti lililowambwa ngozi. Akiinua ngozi, hewa inaingia. Akiishusha, hewa inasukumwa kwenye moto. Pampu ya kiwambo ni mvukuto huo huo, ila mahali pa mkono wa mhunzi pana mota, na mahali pa hewa pana maji. Kiwambo hupanda na kushuka mara nyingi sana kwa dakika moja, na vali zake hufunguka na kufungwa. Kwa sababu hiyo pampu hiyo ina kelele, inanguruma kama mashine ya kusaga iliyo mbali.

Pampu yetu inatoa karibu lita 10 kwa dakika, na hula umeme wa ampea 6 au 7 inapofanya kazi kwa nguvu. Ina jambo moja la ajabu. Ukifunga koki, inajizima yenyewe. Ukifungua, inawaka yenyewe. Hii si akili. Ndani yake mna swichi ndogo inayosukumwa na presha ya maji. Koki ikifungwa, maji hubanana ndani ya mpira, presha inapanda, swichi inakata umeme. Koki ikifunguliwa presha inashuka, na umeme unarudi.

Tafadhali yashikeni vizuri maneno haya, maana balaa letu lilitoka hapo. Pampu inapojizima, mpira haubaki mtupu. Maji yamo ndani, yamebanwa, tena kwa nguvu inayokaribia upepo wa tairi ya gari dogo. Yatakaa hivyo usiku kucha.

USIKU ULE

Fundi mmoja wa mjini alitufungia pampu ile. Alichukua waya mbili, akaziunga moja kwa moja kwenye betri ya gari. Tulimwuliza, "Swichi je?" Akasema hakuna haja, pampu inajizima yenyewe. Tukaridhika. Mpira ulikuwa ule ule wa zamani wa pampu ya mkono, na kwenye maungio ulikuwa umefungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Kwa pampu ya mkono ukanda huo ulitosha, maana ukiacha kupampu mpira hulegea, hauna presha.

Siku mbili za kwanza tulifurahi mno. Kila mtu ananawa mwenyewe. Vijana wakaanza hata kuosha miguu kabla ya kulala, jambo ambalo kambini kwetu halijapata kuonekana. Tulipopima jioni ya siku ya pili, tangi lilikuwa limepungua lita 200. Kumbe tulikuwa tumetumia maji ya siku 3 kwa siku 2, na hakuna aliyeona.

Usiku wa tatu tulikwenda wote saba kwenye mizinga ya mbali, na mzee pia. Tuliondoka saa 2. Tuliporudi kwenye saa 10 alfajiri, tulisikia mlio mwembamba kutoka kwenye gari, kama mbu aliyeingia kwenye kopo. Ilikuwa pampu. Mpira ulikuwa umechomoka kwenye maungio yake, umelala mchangani. Pampu ilipoona hakuna presha ilidhani mtu amefungua koki, ikapampu. Lita 200 kwa lita 10 za kila dakika ni dakika 20 tu. Baada ya hapo iliendelea kupampu hewa kwa saa nyingi.

Tukakimbilia kuwasha gari tuondoke. Stata ikasema "tak", ikanyamaza. Taa ya kambi ilikuwa inawaka kwenye betri hiyo hiyo, na pampu nayo imekula usiku kucha. Tukasukuma. Watu saba, mchanga unafika kwenye vifundo vya miguu, gari halikwenda hata hatua kumi. Simu haishiki mtandao huko.

Kulipokucha nyuki walikuwa wamejaa pale mchangani palipolowa. Walikuwa wanakunywa maji yetu.

Kilichotuokoa ni madumu mawili ya lita 20 ambayo mzee alikuwa ameyajaza nyumbani na kuyaficha chini ya turubai bila kutuambia. Lita 40, watu saba. Vijana wawili walichukua dumu dogo la lita 5 na kwenda kwa miguu mpaka barabarani. Walirudi kesho yake jioni na betri ya kuazima, wamepewa msaada na lori la mbao. Siku hizo mbili hatukunawa, hatukuosha sufuria, na hatukurina tena, maana hatukuthubutu kuwasha moshi bila maji ya kuuzima. Tuliacha zaidi ya nusu ya mizinga.

TULIVYOREKEBISHA

Pampu yenyewe haikuwa imekufa. Ya kiwambo huvumilia kukaukiwa kuliko ya kuzamishwa, ingawa haifai kuizoesha. Kwa hiyo hatukuibadili. Tulibadili vitu vyote vinavyoizunguka.

La kwanza ni swichi. Tumeiweka mahali pa wazi, na ina kitaa chekundu. Kitaa kikiwaka, pampu ina umeme. Kila anayemaliza kuchota anazima, na mtu wa mwisho kuondoka kambini anakagua. Swichi hii ni kitu kidogo sana, lakini kama tungekuwa nayo usiku ule tusingepoteza hata ndoo moja, maana pampu iliyozimwa haiwezi kujiwasha.

La pili ni fyuzi. Hiyo lazima ikae karibu na betri, siyo karibu na pampu. Kwa nini? Kazi yake ni kulinda waya. Waya ikichubuka katikati ya safari na kugusa bodi ya gari, umeme wote wa betri utapita hapo na waya itawaka moto. Fyuzi ikiwa huko mwisho, haitasaidia kitu. Saizi ya fyuzi imeandikwa kwenye kibandiko cha pampu. Yetu ni ampea 10. Fyuzi ikikatika, tafuteni sababu. Msifunge uzi wa shaba mahali pake, wala karatasi ya sigara.

La tatu ni unene wa waya. Umeme wa volti 12 ni dhaifu, unachoka njiani. Kutoka betri hadi pampu kwetu ni mita 6, na kurudi mita 6, jumla 12. Fundi yule alitumia waya ya shaba ya milimita 1.5. Kwa ampea 7, waya hiyo inakula karibu volti 1 nzima njiani, na pampu inabaki na volti 11. Inanguruma lakini maji hayana nguvu. Sasa tumeweka ya milimita 4, na kinachopotea hakifiki nusu ya volti. Ni ghali zaidi, kweli, lakini tumeona tofauti siku ile ile.

Hapa tunaomba wenye malori wasikilize. Malori mengi hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa. Pampu ya volti 12 ukiifunga kwenye 24 itaungua. Wako wanaojifanya wajanja, wanachukua umeme kwenye betri moja tu kati ya zile mbili. Itafanya kazi, lakini betri hiyo itakuwa na njaa siku zote na mwenzake atashiba kupita kiasi, na mwisho zote mbili zitakufa. Nunueni pampu iliyoandikwa 24.

La nne, tumetenga betri. Ya gari ni ya gari, haiguswi. Pampu na taa vina betri yao, nayo inachajiwa na kipande kidogo cha sola kilicho juu ya kibini. Watu wengi hufikiri kwamba pampu inakula umeme mwingi. Sivyo. Tukitumia lita 60 kwa siku, pampu inafanya kazi dakika 6 tu. Betri iliyoandikwa 70 inaweza kutoa ampea 3 na nusu kwa saa 20, kwa hiyo dakika 6 haizisikii kabisa. Kinachoua betri ni saa zile za usiku ambazo hakuna mtu anayeangalia.

La tano ni mipira na vibano. Mpira wa upande wa kuvuta, yaani kutoka tangini kwenda kwenye pampu, uwe mgumu wenye nyuzi ndani, kwa sababu mpira laini hujikunja ukinyonywa. Upande wa kutoka uwe wa kuvumilia presha. Kila ungio sasa lina kibano cha chuma cha kukazwa kwa bisibisi. Tyubu ya baiskeli tumeirudishia baiskeli. Kama pampu inanguruma lakini haivuti, msiilaumu haraka. Mara nyingi hewa inaingia kwenye ungio la upande wa kuvuta. Hewa hupita mahali ambapo maji hayavuji, ndiyo maana hamuoni unyevu wowote. Kazeni vibano kwanza.

Halafu chujio. Likae kabla ya pampu. Chembe moja ya mchanga ikikaa kwenye vali, vali haifungi, na pampu itakuwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, ingawa koki imefungwa. Sisi tunafungua chujio na kulisuuza kila tunapojaza tangi.

Msisahau tundu la hewa juu ya tangi. Maji yanapotoka lazima hewa iingie. Mwenzetu mmoja aliliziba kwa nia njema, eti vumbi lisiingie. Kuta za tangi zikaanza kubonyea ndani, na maji yakagoma. Liacheni wazi, mlifunge kitambaa cha wavu.

Na ile pampu ya mkono? Imerudi garini. Ina mpira wake peke yake unaoingia tangini kwa juu. Umeme ukifa, tutapampu kwa mkono. Mzee hakusema neno siku tulipoifunga. Alileta bisibisi tu.

Madumu mawili yamebaki pale pale chini ya turubai, ila sasa yameandikwa kwa rangi: AKIBA. Pia tumechora alama ubavuni mwa tangi, mstari mmoja kwa kila siku ya kambi. Jioni tunaangalia. Maji yakiwa chini ya mstari wa siku hiyo, kesho yake hakuna kuosha miguu.

KUSAFISHA TANGI

Mkishafunga pampu mpya, au tangi likiwa limekaa miezi mingi, lisafisheni pamoja na mipira yake. Sisi tunatumia dawa ya kufulia ya klorini isiyo na manukato. Ikiwa chupa imeandikwa asilimia 5, tunatia kijiko kimoja cha chai kwa kila lita 5 za maji. Tunajaza tangi, tunafungua koki mpaka tusikie harufu ya dawa, tunafunga. Tunaliacha lilale hivyo usiku mzima, na swichi imezimwa. Asubuhi tunamwaga yote, tunasuuza kwa maji safi mpaka harufu iishe. Maji hayo ya dawa si ya kunywa hata kidogo, na msiyamwage karibu na mizinga wala kwenye bustani.

Hii ni kusafisha tangi, siyo kutibu maji ya kunywa. Maji ya kunywa yachemsheni, au tieni dawa yake kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Wafuga nyuki wenzetu, koki inayodondosha tone moja moja wakati wa kiangazi huita nyuki wa msitu mzima. Wataijaa koki, na kila anayekwenda kuchota ataumwa. Badilisheni kipete cha mpira ndani ya koki kila mwanzo wa msimu. Tena wawekeeni nyuki maji yao. Sisi tunaweka beseni kama hatua 100 kutoka kambini, lenye maji kidogo na vijiti vya kutulia wasizame. Tunaliweka siku ya kwanza, kabla hawajaijua koki, kwa kuwa wakishaizoea ni kazi kubwa kuwahamisha.